Tamko la Simba na Tumbo la Fisi

Jamani, ukame ule msiuombe! Mto wa Pori la Kichangani ulikauka mpaka vyura wakasahau kuogelea. Wanyama wakaanza kunong'onezana kwamba heri wahamie kwa Chui, ng'ambo ya kilima, ambako dimbwi bado lipo. Simba akaingiwa na hofu, maana wakiondoka wote atabaki mfalme wa mawe.

Akaita baraza. Akapanda juu ya kichuguu, akakung'uta manyoya ya shingo, akanguruma: "Kiu iwe historia! Tusonge mbele!" Kisha huyo, akashuka.

Wote wakapiga makofi. Aliyeelewa hakuwepo hata mmoja. Lakini katika pori lile, kuuliza maana ya tamko la mfalme ilikuwa aibu kubwa. Ukiuliza utaambiwa ulisinzia barazani. Basi kila mtu akaitikia kwa kichwa.

Fisi, tarishi wa mfalme, akaona hapo pana ulaji. Akawaendea Ngiri.

"Mimi nalala mlangoni kwa mfalme," akawaambia. "Nipeni chakula chenu cha mchana, niwaambie alichomaanisha."

Wakampa. Fisi alijua Ngiri wanapenda kuchimba, akasema, "Anataka kisima pale mtoni. Ila msimwambie mtu, ni siri ya ikulu."

Kwa Tembo akala maboga, akasema, "Anataka barabara ipite pale mtoni. Mkiona shimo, fukieni." Kwa Nyani akala ndizi pamoja na maganda yake, akasema, "Anataka ngoma ya kuita mvua, palepale mtoni. Kanyageni kwa nguvu!"

Ikawa kioja. Asubuhi Ngiri wanachimba, mchana Tembo wanafukia, jioni Nyani wanashindilia kwa ngoma. Kukicha, Ngiri wanakuta ardhi ngumu kama sakafu.

"Mbona kisima kimepona kama kidonda?" wanalia, halafu mbio kwa Fisi na chakula kingine, awaeleze upya. Tumbo la Fisi likavimba mpaka likawa linamtangulia njiani.

Sungura akayaona yote hayo. Yeye alikuwa na watoto wanaolia kiu, aibu ya baraza ingemsaidia nini? Akaenda kwa Simba.

"Shikamoo, mtukufu."

"Marahaba. Maji yako wapi?"

"Muulize Fisi. Anajitapa kwamba maneno yako anayajua kuliko wewe mwenyewe."

"Kuliko mimi?" Simba akaruka. "Waiteni wote!"

Baraza likajaa. Sungura akasema kwa upole, "Ndugu Fisi, hebu tueleze sote kwa pamoja. Mfalme anataka nini?"

Fisi akawatazama Ngiri, akawatazama Tembo, akawatazama Nyani. Jasho likamtoka.

"Anataka... kisima," akasema. Tembo wakaguna. "Chenye barabara juu yake!" Nyani wakaguna. "Na... na ngoma juu ya barabara!"

"Maji je?" Sungura akauliza.

"Maji... yatacheza."

Loo! Wanyama walicheka mpaka wakagaagaa, kisha wakakumbuka vyakula vyao na kicheko kikakatika. Wakamfuata Fisi kwa pembe na pua. "Ngojeni kwanza," Sungura akasema, akamgeukia Simba. "Mtukufu, na wewe ulimaanisha nini?"

Mfalme hajawahi kuulizwa! Simba akajikuna sikio, akatazama juu, akatazama chini.

"Nilimaanisha nina kiu," akasema kwa sauti ndogo. "Nanyi mna kiu. Tupate maji ya kunywa hapahapa, msiniache peke yangu."

"Ah! Si ungesema!" Tembo wakapaza sauti.

Wakapanga mbele ya wote, na kila kundi likarudia kwa sauti kazi yake: Ngiri wachimbe, Tembo wasombe mawe ya kujengea kingo, Nyani wavute udongo kwa kamba. Fisi akapewa kuubeba udongo huo mpaka ng'ambo ya kilima, tena kwa njaa, huku wenzake wanakula mchana mbele ya macho yake. Siku si nyingi maji yakabubujika, watoto wa Sungura wakawa wa kwanza kunywa, na Simba akapanga foleni kama wengine.

Kuuliza si ujinga.