Shati Jekundu Nyuma ya Madhabahu

Wapendwa, kulikuwa na mchoraji mmoja, mwanamke, ambaye kanisa la mji mdogo lilimpa ukuta wote wa mbele, ule ulio nyuma ya madhabahu, achore karamu ya Ufalme. Habari yenyewe mnaijua: waalikwa walitoa udhuru, mwenye nyumba akaagiza waletwe vilema na vipofu kutoka mabarabarani. Tangu ajue kushika brashi, mama huyu alikuwa akiandika mabango ya saluni na kuchora kuku kwenye vibanda vya chipsi. Huu ndio ukuta wake wa kwanza wa maana, na Baba Askofu alikuwa anakuja kuuweka wakfu. Akachora wiki sita, ugali wake akiulia juu ya jukwaa la mbao.

Sasa msidhani kuchora ni kupaka rangi tu. Jicho la mtu likifika ukutani linataka kuongozwa, la sivyo linazurura. Mama yule alilijua hilo. Kingo za meza, mistari ya sakafu, mikono ya wageni, hata macho yao, vyote alivielekeza mahali pamoja. Nguo za wageni akazipa rangi za udongo na majani makavu. Pembeni akaacha nafasi, umati usibanane. Halafu pale mistari yote ilipokutana akamweka mtu mwenye mguu uliopinda, mkubwa kuliko wote, amevaa shati jekundu. Nyekundu nyingine hakuna ukuta mzima. Mbele yake mwenye nyumba ameinama, amemshikia kiti akae.

Alhamisi kamati ya ujenzi ikaja kukagua. Mwenyekiti akavaa miwani, akarudi nyuma hatua tatu.

"Huyu si yule fundi viatu wa hapo getini?"

"Ndiye, Mzee. Ndiye aliyekubali kunikalia nimchore."

"Na sisi wazee wa kanisa tuko wapi? Tulikubaliana tuwemo."

"Mmo, Mzee. Wewe ni yule wa nne kutoka dirishani, mwenye koti."

Mwenyekiti akasogea ukutani, akajipima kwa mkono. Akampima na fundi viatu. "Mimi shubiri mbili! Fundi viatu shubiri saba!"

Mnacheka? Chekeni tu. Lakini wewe ukiingia harusini, huangalii kwanza nani kakaa meza kuu? Ukipewa kipaza sauti, husemi itifaki imezingatiwa? Mwenyekiti alikuwa mtu wa itifaki. Kwake mkubwa hukaa mbele na mdogo hukaa nyuma, hata kama wote ni rangi ya kopo.

"Mtoe huyu," akasema. "Mahali pake weka wazee. Baba Askofu atatuonaje?"

Mchoraji alijua akikataa hapati ukuta mwingine katika mji ule. Atarudi kwenye kuku wake. Lakini hasira ikamshika. Akafuta mikono kwenye kitenge.

"Simtoi, Mzee. Wale wote wamekaa vile kwa sababu yake. Ukimtoa huyu, ukuta hauna kitu."

"Unabishana na kamati?"

"Nabishana. Brashi hii hapa. Kama mkono wako unaweza, mfute mwenyewe."

Alidhani mzee atasita. Wapi! Mwenyekiti aliagiza ndoo ya chokaa, akavua koti, akampaka fundi viatu kuanzia utosini hadi kwenye ule mguu uliopinda. Alipomaliza akamrudishia mama brashi na kumwambia achore wazee hapo, au basi hata maua.

"Siongezi kitu. Umepaka wewe, simama na ulichopaka."

Akakusanya makopo yake akatoka, machozi yanamtoka kwa hasira. Kamati ikafunika ukuta kwa pazia, ikamtafuta mchoraji mwingine siku mbili nzima, ikamkosa.

Jumapili kanisa likafurika. Mama yule naye alikuja, wala hakujificha, akakaa benchi la tatu makusudi. Pazia likavutwa.

Mnaona kilichotokea? Mwenyekiti alimfuta mtu, lakini hakufuta meza. Hakufuta sakafu, wala mikono, wala macho. Watu arobaini, na yeye mwenyewe akiwa mmojawapo na shubiri zake mbili, wamegeuza shingo wanalikodolea macho baka la chokaa! Mwenye nyumba ameinama, amemshikia kiti mtu asiyekuwepo. Hakuna aliyeweza kutazama pengine. Minong'ono ikaanzia nyuma ikaja mbele. Baba Askofu akamgeukia mwenyekiti.

"Mzee, hawa wote wanamwangalia nani?"

Mwenyekiti akavua miwani, akaanza kuifuta. Ndipo mchoraji akasimama, akajibu kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni:

"Fundi viatu, Baba. Yuko nje getini. Miaka yote hiyo anashona viatu tunavyoingilia humu, na hakuna aliyewahi kumwambia karibu ndani."

Wapendwa, sisi tumempaka nani chokaa? Msitazame dari. Mnamjua. Ni yule mama wa sauti ya pili, tuliyemtoa kwenye kwaya kwa sababu mwanawe yuko gerezani. Tukasema anachafua sura ya kanisa. Haya, tumemtoa. Na neno gani tunalosoma humu ambalo halimwelekei yeye? Lile la Bwana, nilikuwa gerezani, mkanijia: linamwelekea nani? Tutafuta mangapi?

Kikao kilichomtoa mimi nilikuwepo, nikanyamaza, na naona aibu. Leo sinyamazi. Kamati yetu ikitaka mimbari hii, ije iichukue, mimi nina jembe nyumbani. Lakini wimbo wa kufunga ibada hatuuimbi bado. Shemasi, wewe na mama mwenyekiti wa kwaya, tokeni sasa hivi mkamwite. Nyumba yake mnaijua, nyuma ya zahanati. Mwambieni nafasi yake iko wazi na hatuanzi bila yeye. Sisi wengine tusimame. Tutamngoja tukiwa tumesimama.