Nani Afuatane na Hetty Ufaransa?

Kaeni mkao wa kuhukumu, maana leo nawaletea shauri. Nitalieleza lilivyokuwa, kisha uamuzi nitawaachia wenyewe.

Kaskazini mwa Uingereza, miaka michache baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, alikuwako msichana aitwaye Hetty Braithwell, mfumaji katika kiwanda cha nguo. Kipaji chake kilikuwa pumzi. Akitoka kazini hukipanda kilima mbio hadi nyumbani, na akifika huongea kama mtu aliyekuwa ameketi. Dada yake mkubwa, Selina, alikuwa na kipaji cha mikono. Uzi ukikatika, yeye huwa ameshaufunga kabla wengine hawajauona. Mzee Ormerod, mshona viatu wa mtaani kwao, alikuwa na jicho. Akikutazama ukipita mara moja tu, anajua kiatu chako kinakubana wapi. Na London alikuwako mwalimu wa shule, Winifred Osgood, ambaye katika mbio za nusu maili hakuwahi kushindwa na mwanamke yeyote.

Wakati huo wakubwa wa michezo walikuwa wakibishana kama mwanamke anaweza kukimbia nusu maili asidhurike. Mwishowe wakakubali yafanyike mashindano ya ubingwa, kwa sharti moja: hata mmoja akianguka asiinuke, mbio hizo zifutwe na zisirudi tena.

Hetty akataka kwenda. Lakini kiwanda kilifungwa jioni, naye alihitaji mwanga wa kufanyia mazoezi ya mbio. Selina akamwendea msimamizi, akamwomba amwache mdogo wake atoke saa moja kabla ya wengine, na mashine zake nne azichukue yeye juu ya nne zake mwenyewe. Msimamizi alikubali, ila nguo ikiharibika wote wawili wangefukuzwa. Kwa miezi mitatu Selina alihudumia mashine nane kila jioni. Siku moja kidole kikanaswa, kucha ikang'oka. Akakifunga kitambaa, akaendelea, na nyumbani akasema amejikwaruza.

Mzee Ormerod hakuombwa na mtu. Alimwona Hetty akikimbia kwenye majani mabichi, akiteleza kila kona, akamwita dukani. Hakuwahi kumshonea mwanamke viatu vya mbio, na walikuwako wateja waliomcheka. Alishona jozi ya kwanza akaifumua. Ya pili nayo akaifumua, kwa kuwa aligundua mguu wa kushoto wa Hetty ni mrefu kidogo kuliko wa kulia. Ya tatu, ya ngozi laini ya mbuzi yenye misumari sita ya kung'ata ardhi kila soli, ilimkaa kama soksi.

Siku ya mashindano mvua ilinyesha tangu asubuhi. Wanawake saba wakajipanga. Mzunguko wa kwanza, watatu waliteleza wakabaki nyuma. Hetty alikata kona kama kisu. Mzunguko wa nne, wa mwisho, wakawa wawili mbele, yeye na Winifred, bega kwa bega. Hapo wakawa wanampita mkimbiaji wa mwisho, aliyekuwa akiyumba kwa uchovu. Mguu wake ukamgonga Hetty, naye akaanguka kifudifudi.

Winifred angeweza kwenda zake. Ubingwa ulikuwa wake. Badala yake alisimama, akarudi hatua mbili, akamshika Hetty mkono.

"Inuka," alimwambia. "Ukilala hapo, tumelala sote."

Hetty akainuka. Wakaondoka pamoja, na zikiwa zimebaki hatua ishirini ile pumzi ya kilimani ikafanya kazi yake. Alimpita Winifred kwa urefu wa mkono. Waamuzi walishauriana kama ni haki mkimbiaji kuinuliwa na mwenzake, wakaona aliyesaidia ndiye aliyeshindwa, hivyo ushindi ni halali. Na wote saba walimaliza wakiwa wamesimama. Selina, aliyekuwa jukwaani na Mzee Ormerod, alilia hadi kofia ikamwanguka. Mji mzima ulitoka kumpokea bingwa, wafumaji wakimbeba mabegani kutoka stesheni hadi kiwandani.

Wiki iliyofuata ikaja barua ya wakubwa wa michezo. Bingwa anaalikwa kukimbia Ufaransa, na achague mtu mmoja, yeyote amtakaye, wa kufuatana naye; akiwa mkimbiaji, naye atakimbia. Mmoja tu.

Hakuna aliyedai. Lakini Hetty alijua kwamba Selina hajawahi kutoka nje ya mji ule tangu azaliwe, na masikio yake yalikuwa yameanza kufa kwa kelele za mashine. Alijua kwamba mwana pekee wa Mzee Ormerod alifia vitani akazikwa Ufaransa, na mzee hajaliona kaburi. Na alijua kwamba Winifred akienda, atapata kukimbia huko, na miaka yake ya mbio haikuwa mingi tena.

Alimuuliza Selina afanyeje. Selina akamjibu, "Mimi nikikuchagulia, utanilaumu. Chagua wewe, lawama tuibebe pamoja."

Haya, wasikilizaji. Bila mikono ya Selina asingepata muda wa mazoezi. Bila viatu vya mzee asingesimama kwenye matope yale. Bila Winifred asingeinuka. Barua inangoja jina moja. Kalamu ingekuwa mkononi mwako, ungeliandika la nani? Na wale wawili wanaobaki, ungewatazama usoni ukawaambia nini?