Ukili wa Bi Lubaba

Inasimuliwa kwamba katika mji mmoja wa Hadhramaut, zama za waja wema waliotutangulia, aliishi mjane mcha Mungu, msusi wa mikeka, jina lake Lubaba binti Hamdun. Baba yake, Mzee Hamdun, alikaa mji wa mbali, mwendo wa siku ishirini kwa msafara, na Lubaba hakuwa amemtia machoni kwa miaka saba. Kila akikaa kusuka, moyo ulimwendea baba. Alitamani kusikia hata kikohozi chake, jamani!

Mwaka ule alishikwa na homa kali, akaweka nadhiri: "Mola akiniponya, nitausukia msikiti mkeka mpya kwa mikono yangu kabla ya Ramadhani." Akapona. Msikiti ulikuwa umepanuliwa, urefu mara mbili na upana mara mbili, na mkeka wa zamani umekwisha chakaa. Ndipo habari ikaja kwamba Mzee Hamdun yu mgonjwa, anamuulizia. Msafara wa mwaka ungeondoka Rajabu ikiandama, na usingerejea ila baada ya Ramadhani.

Lubaba akapiga hesabu. Mkeka wa zamani aliusuka mwenyewe, nao ulikula ukili pima sitini, kila pima mikono minne. Ukili ni ule utepe mrefu wa miyaa, yaani majani makavu ya mtende, unaosukwa kwanza, kisha hushonwa ubavu kwa ubavu hadi uwe mkeka. "Msikiti ni mara mbili, basi ukili ni pima mia na ishirini," akasema. "Nitamaliza, na msafara nitauwahi."

Akasuka hadi vidole vikachubuka. Zilipobaki siku tatu msafara uondoke, akaushona, akaenda kuutandika. Lo! Nusu nzima ya sakafu ilibaki tupu.

"Sheikh," alimwambia imamu, Sheikh Mundhir, "nimekosea wapi?"

Sheikh akauchukua mkeka wa zamani, akautandika sakafuni na kuutia alama, akausogeza mbele na kuutia alama tena, kisha akauhamishia ubavuni, napo akautandika mara mbili. Ikawa nafasi ya mikeka minne.

"Binti yangu," akasema kwa upole, "ukili unaupima kwa urefu tu. Sakafu ina urefu na ina upana. Ukizidisha mara mbili huku na mara mbili kule, unapata mara nne. Ulihitaji pima mia mbili na arubaini."

Lubaba akaketi pale pale akalia kama mtoto.

Jirani yake, Bi Sumra, aliyekuja kumsaidia kubeba, akamvuta kando. "Mwenzangu, fumua, ushone kwa mwanya mpaka ufike ukutani. Nani atakuja kupima? Baba ni mmoja!"

"Watu wasujudu juu ya mawe, nami niuite mkeka? Ahadi ni deni, Bi Sumra."

"Na mzee wako?"

"Nina hamu naye kuliko ya maji. Lakini nitamtazamaje usoni, nami nimefika kwake kwa kumdanganya Mola wangu?"

Msafara ukaondoka. Lubaba alisimama mlangoni mpaka vumbi la ngamia likatulia, kisha akarudi kwenye miyaa yake. Wallahi, hakuna pima hata moja aliyoisuka bila chozi. Alasiri ya mwisho ya Shaabani mkeka ukafika ukuta kwa ukuta, umebana, hauna hata tundu la sindano.

Mfunguo Mosi, Ramadhani ilipokwisha, msafara ukarejea. Mkuu wa msafara akaja kwake, kilemba mkononi.

"Bi Lubaba, Mungu akupe subira. Mzee alifariki siku ya kumi na mbili tangu tutoke hapa. Sisi tulikuwa bado jangwani."

Machozi yakamtiririka Lubaba. Kisha akasema, "Alhamdulillahi. Kumbe ningemkosa baba, na nadhiri pia."

Ndugu zangu, msidhani hamu ilimtoka. Alimlilia babake hadi siku aliyotiwa kaburini, maana subira haiondoi mapenzi. Lakini majuto hakuwa nayo. Nasi tukitaka kumwahidi Mungu, tupime kwanza urefu na upana. Na tukiwa tumeshakosea, tusuke mpaka sakafu iishe. Mola amrehemu Lubaba, na amkutanishe na mzee wake.