Zamu ya Katikati

Wapendwa, leo nawapeleka Ulaya bila pasipoti. Kaeni vizuri. Na yule anayesinzia pale nyuma msimwamshe, nitamhitaji baadaye.

Kulikuwa na binti mmoja mkimbiaji, nahodha wa timu ya vijana waliokwenda huko kushindana mbio za nyika. Siku ya mbio za majaribio ukungu ulikuwa mzito kama uji wa ulezi. Miti ilielea. Hata miguu yake mwenyewe hakuiona. Mara, pwaa! Matopeni. Akahisi mkono unamshika kwapani: mwenzake, aliyekuwa mbele, amerudi kumwinua. Wakamaliza wa mwisho, wote wawili.

Sasa, kocha wao alikuwa na sheria moja: mkimbiaji hageuki nyuma. Akamfokea yule mwenzake, "Wewe ni mkimbiaji au gari la wagonjwa? Fainali hukimbii. Utabeba chupa za maji!"

Na nahodha je? Alitazama kamba za viatu vyake. Ninyi mngesema nini? Msijibu haraka, nawajua.

Kesho yake kocha akawapeleka wajifunze ukakamavu kwa bibi mmoja Myahudi, aliyenusurika kambi za Wanazi walikouawa ndugu zake wote. Alikuwa mdogo, kiti kimemmeza. Dirishani theluji ilishuka taratibu, bila sauti, hata nahodha akaona kama chumba ndicho kinachopaa.

"Bibi, nguvu ulizipata wapi?" akauliza.

Mkalimani akatafsiri. Bibi akacheka. "Nguvu? Mjukuu wangu, mimi nilikuwa nimelala."

"Ulikuwa umelala?"

"Askari walitutembeza kwenye theluji siku nyingi. Anayeanguka anapigwa risasi. Basi tukashikana wasichana watatu. Wa katikati analala huku anatembea, wa pembeni wanamshikilia. Kisha tunabadilishana. Zamu yangu niliota jiko la mama, mkate unatoka motoni. Miguu inakwenda, mimi niko nyumbani napaka siagi."

Nahodha akafumba macho. Akawaona wale watatu wakipita katika ukungu wake wa jana, polepole, bila kugusa chini.

"Na hao wawili wako wapi, bibi?"

"Wa kulia tumezeeka pamoja. Wa kushoto..." Bibi akajipapasa mkono wa kushoto. "Asubuhi moja aliniambia, 'Lala tena kidogo, zamu yangu itafika.' Haikufika."

Nahodha akasimama. "Kocha, mwenzangu asipokimbia fainali, na mimi sikimbii."

Kocha akamtazama bibi. Kisha akasema, "Chupa nitabeba mimi."

Wapendwa, sisi tunapenda sana kusimama hapa mbele na kutamba: "Nilipambana peke yangu!" Peke yako na nani? Hakuna hata mmoja wetu ambaye hajawahi kulala katikati. Tulifiwa, tukaugua, tukaachwa, na mtu akatushika mkono. Tukaamka, tukajisifu kwa mwendo mzuri! Na yule wa pembeni, ambaye hasemi, magoti yake yakoje leo? Mara ya mwisho kumgeukia ilikuwa lini?

Haya, jirani wa huyo anayesinzia, mshike asianguke. Mwache aote mkate wake. Ila akiamka mwambie hivi: sasa ni zamu yako kushika.