Tisa Juu ya Kumi kwa Kiwanja cha Chui

Hamtaniamini. Na asiyeniamini ainuke sasa hivi, aende mwenyewe kwenye hicho kilima, asimame pale nitakapomwambia asimame, halafu arudi hapa kunisuta. Mpaka leo sijamwona aliyerudi.

Mimi shule niliikimbia darasa la tano, mwalimu nadhani bado ananitafuta. Lakini kwa ngano, kata hii na kata ya pili hakuna wa kunigusa. Kwa hiyo kaeni vizuri. Nikisema "Sahani hiyoo," ninyi semeni "Na iruke."

Sahani hiyoo.

Na iruke.

Mnaitikia kama watu waliofunga. Sahani hiyoo.

Na iruke.

Haya. Iliruka ikaenda kilimani.

Kilima chenyewe kilikuwa kizuri mpaka kinaudhi. Juu nyasi fupi, laini, utadhani zimenyolewa. Mbele msitu wa migunga, na nyuma ya migunga mto, unakata kona kama mkanda uliodondoshwa. Nyuma ya kilima korongo, refu, ukitupa jiwe unaweza kupiga mwayo kabla hujasikia limefika.

Kilikuwa kilima cha pimbi. Pimbi mnamjua, yule mnyama wa mawe asiye na mkia, ukubwa wake kama sungura aliyeshiba. Ukoo mzima uliishi kwenye nyufa za mawe, na ukoo mzima ulikuwa na choo kimoja, pale ukingoni mwa korongo. Ndivyo walivyo, hawaendi haja ovyo kama watu fulani waliokaa hapa. Babu alikojoa pale, baba alikojoa pale, wajukuu wakakojoa pale, mpaka mwamba ukawa mweupe na unateleza kama sabuni iliyolala kwenye maji. Mnacheka. Kichekeni, lakini msikisahau.

Akaja Chui.

Chui alikula pimbi wa ufa wa kwanza. Akala wa ufa wa pili. Akala wa ufa wa tatu. Wakabaki wawili tu, Pimbi mmoja kijana na mama yake mzee, miguu yake ya nyuma haina nguvu tena. Pimbi hakukimbia kwa sababu mama hawezi kukimbia. Chui hakuwala kwa sababu Pimbi alikuwa na sauti. Pimbi akipiga kelele juu ya jabali, anasikika mpaka ng'ambo ya mto.

Na Chui sauti hiyo aliihitaji. Alikuwa na njaa mbili, njaa ya nyama na njaa ya sifa. Kuwinda kulishamchosha. Kwa nini amkimbilie mtu anayeweza kuja kwa miguu yake mwenyewe? Basi akatengeneza kiwanja. Akatundika vikapu tisa kwenye miti, kila kikapu kimezungushiwa maganda makavu ya mbegu, sahani ikiingia yanalia. Sahani akakata kutoka kwenye vitako vya vibuyu. Unasimama mbali, unatupa sahani, unaifuata ilipoangukia, unatupa tena, mpaka iingie. Vuuu, kacha. Halafu unakwenda kikapu kinachofuata. Mwenye mitupo michache ndiye mshindi.

Kazi ya Pimbi ilikuwa kupanda jabalini kila asubuhi na kukipigia mbiu. Chui alimwambia wazi kwamba siku itakayofika saa sita ya mchana bila mgeni, chakula cha mchana kitakuwa mama.

Basi Pimbi akasifu. Akasifu nyasi, akasifu kivuli, akasifu upepo unavyoibeba sahani kama unaijua. Na hakusema uongo hata mara moja. Hilo ndilo lililomuuma.

Akaja Swala. Akauliza masharti.

"Anayeshindwa analiwa," Chui akasema.

Swala akacheka. Ninyi hamjacheza bao? Hamjacheza drafti? Mtu analiwa mara tatu kwa jioni moja, ananyanyuka, anakwenda kwao, anaoga. Swala akasema kuliwa si kitu, kwao analiwa kila Ijumaa na shemeji yake.

Vuuu, kacha. Vuuu, kacha. Kikapu cha tisa kilikuwa hatua chache kutoka ukingo wa korongo, nyuma ya jiwe kubwa. Pale Swala akakuta mifupa, akaiangalia sana. Kicheko kikakatika.

"Kabla ya kuliwa, toa alama za kiwanja," Chui akamwambia.

Swala akatoa kumi juu ya kumi. Pengine alidhani kumi itamwokoa. Haikumwokoa. Kesho yake Pimbi alipanda jabalini akatangaza kwamba Swala amekipa kiwanja kumi, na kwa utamu wake hataki kuondoka.

Akaja Ngiri. Anayeshindwa analiwa. Ngiri akacheka. Vuuu, kacha. Kumi juu ya kumi. Akaliwa.

Akaja Kanga na dada zake wawili. Anayeshindwa analiwa. Wakacheka wote watatu. Vuuu, kacha. Kumi, kumi, kumi. Wakaliwa, na manyoya yakapeperuka kiwanjani siku nne.

Usiku Pimbi alikuwa halali. Mama yake alimuuliza mara moja tu, wale wageni wanaokuja mbona hawarudi. Pimbi akamwambia wanashukia njia ya upande wa pili. Mama mtu mzima, anajua upande wa pili kuna korongo.

Asubuhi moja, Chui bado amelala, akaja Digidigi. Huyu hakuja kucheza. Alikuwa rafiki wa Pimbi tangu wakiwa wadogo. Hatari ikija, mmoja alipiga mluzi na mwingine akaupokea. Alipanda kimya kimya akamwambia, "Kaka, kinachotuua si Chui. Ni sauti yako. Nyamaza."

Pimbi akamwambia akinyamaza, mama analiwa. Digidigi akasema basi watafute njia pamoja. Wakatembea kidogo pale kiwanjani, wakaongea mambo yao ya zamani, halafu Digidigi akaenda zake. Tumwache, ngano si yake.

Siku zikapita na wageni wakaanza kupungua. Mbuga si mjinga siku zote. Ikaja siku Pimbi alisifu mpaka sauti ikapasuka, na jua likafika utosini, na hapakuwa na mtu. Chui akajinyoosha. Akatembea polepole mpaka kwenye ufa, akainama, akamtazama yule bibi mle ndani kama mtu anayefunua sufuria.

Pimbi akateremka jabalini. "Mzee," akasema, "mgeni yupo. Nitacheza mimi. Nikishinda, utuache. Nikishindwa, utule wote wawili, uanze na mimi."

Chui alicheka mpaka masharubu yakatikisika. "Wewe, pimbi? Sahani yenyewe ni kubwa kuliko wewe."

"Ndiyo maana hutakosa chakula."

Wakacheza. Chui akitupa, vuuu, kacha. Pimbi akitupa, vu, po, nyasini. Chui vuuu, kacha. Pimbi vu, po. Vu, po. Vu, kacha. Kila kikapu hivyo. Walipomaliza cha nane Pimbi alikuwa nyuma mitupo kumi na moja, mabega yanamuwaka, na njia nzima Chui anamsimulia atamla kwa mpangilio gani. Cha tisa Chui alitumbukiza kwa mitupo miwili. Pimbi alitumbukiza kwa sita. Mifupa ilikuwa imewazunguka. Mingine midogo, Pimbi aliijua ya nani.

"Umeliwa," Chui akasema.

"Nimeliwa, Mzee. Lakini sijatoa alama."

"Toa basi, nina njaa."

Pimbi akakitazama kiwanja chote, taratibu, kama mkaguzi. Akakohoa.

"Tisa."

Upepo ukapita. Chui akafunga mdomo uliokuwa tayari umefunguka.

"Tisa juu ya ngapi?"

"Juu ya kumi."

Chui hakuwahi kupewa tisa. Swala alitoa kumi, Ngiri alitoa kumi, hata kanga, wanaohesabu kwa shida, walitoa kumi. Akauliza, kwa sauti ya chini ya mtu aliyeibiwa, ile moja iko wapi. Pimbi akamjibu ile moja anayo yeye, na akiliwa anakwenda nayo tumboni, na huko hakuna atakayeitangaza. Na kesho mbuga nzima itauliza kwa nini mwenyeji wa kilima, aliyezaliwa hapa, alitoa tisa.

Mngekuwa ninyi mngemla mkamaliza. Lakini Chui alikuwa Chui. Tisa alizonazo hakuziona tena. Aliiona moja asiyokuwa nayo.

"Kasoro ni nini?"

"Mto," Pimbi akasema. "Kiwanja kizuri hivi, na mchezaji akisimama kikapu cha mwisho hauoni mto. Hili jiwe linauziba. Watu wanakuja kutafuta mandhari, Mzee, wanapewa jiwe."

"Mto upo."

"Upo, ila unaonekana ukirudi nyuma. Mimi labda ni mfupi, nimekosea. Hebu tazama wewe. Ukiuona, nakuongezea ile moja hapa hapa, na naipigia mbiu kabla hujanila."

Chui akalikazia macho lile jiwe. Akarudi nyuma hatua moja.

"Naona migunga."

"Bado, Mzee."

Hatua ya pili.

"Naona mchanga."

"Unaukaribia."

Hatua ya tatu. Harufu ya choo cha pimbi ikampiga puani, ile harufu ambayo siku zote ilimfanya aupitie mbali ukingo huo. Akakunja pua. Lakini pembeni mwa jiwe kitu kilikuwa kinaanza kumetameta, chembamba kama uzi.

"Kona," akasema. "Naona kona yake."

"Kona ni nusu alama."

Hatua ya nne.

Telee. Kucha zikashika mwamba, kwaru, kwaru, kwaru. Chui ana kucha za kupandia mti, hana za kupandia mkojo wa vizazi saba. Alimtazama Pimbi. Hakunguruma. Alionekana kama mtu anayesubiri jibu. Halafu pale alipokuwa hapakuwa na mtu.

Kimya. Kimya. Kimya.

Pu.

Pimbi akaenda mpaka ukingoni, nyayo zake zenye unyevu zinashika pale pale pasiposhikika, akachungulia. Kisha akapanda jabalini akatangaza, kwa sauti iliyopasuka, kwamba kiwanja cha Chui kimepata kumi juu ya kumi, na mwenyewe ameliwa. Mbuga ikadhani ni ile ya bao. Tumbusi ndio walioelewa, maana walishaanza kuzunguka.

Na mama yake akaishi. Akafa kwa uzee, ndani ya ufa wake.

Funzo ni hili, lishikeni. Mwenye kiwanja akikuomba alama, mwambie ukweli mtupu hata kama una hofu, maana ukweli utamsogeza mbele. Funzo la pili, kojoeni mahali pamoja.

Sahani hiyoo.

Imetua.

Haya, nendeni mkalale, na anayebisha aseme.

Dada Havijawa hainuki. Tangu mwanzo amekaa na ungo wake anachagua mchele, hajacheka hata kwenye choo. Sasa ananiuliza, wewe mjanja wa darasa la tano, Pimbi alijuaje? Yeye nyayo zake hazitelezi pale. Alijuaje kwamba mwenye nyayo kavu akirudi nyuma hivyo, anateleza? Alijuaje kwamba mto unaonekana kwanza?

Kumbe mtu anaweza kuchagua mchele na akasikiliza.

Sawa. Kuna mahali niliparuka. Nilisema Digidigi alikwenda zake. Sikusema alikwenda wapi. Walipokuwa wanatembea kiwanjani asubuhi ile, wanatafuta njia pamoja, walifika kikapu cha tisa, na Pimbi akamwambia, dada yangu, hebu simama hapa, tazama mto, tangu utoto sijakuonyesha mto ukiwa huku. Rudi nyuma kidogo. Kidogo tena.

Digidigi ana kwato ndogo, nyepesi. Yeye alifika hatua ya sita kabla ya kuteleza. Na aliuona, mto wote, kona zote, jua linautokea.

"Kaka," akasema, "kumbe kwenu pazuri hivi. Kumi."

Pimbi hakumsikia. Alikuwa anahesabu hatua.