Jeneza Lililorudi na Watu Wawili

Hapo zamani, na wala si zamani za mababu, maana wengine wenu mlikuwa mmeshaota meno, palikuwa na kijiji cha Kwembago, juu kabisa milimani. Huko mimba ya kwanza ilikuwa na sheria yake: mwanamke hujifungulia chumbani kwa mama mkwe. Anayejifungulia kwingine huambiwa kamtia mkwewe aibu.

Mhudumu wa afya wa kijiji, Mbonea, alipita nyumba kwa nyumba na maneno yale yale. "Mjamzito akitoka damu kabla ya uchungu, msingoje. Mshusheni kituo cha afya." Alipofika kwa Bi Nakijwa, alimwagiwa maji ya vyombo. Kesho yake akarudi na kanga nyingine, akasema tena. Akafukuzwa. Akarudi. Kwa king'ang'anizi yule, hata kupe alikuwa na nafuu.

Namweta, mkamwana wa Bi Nakijwa, alikuwa akiyasikia yote kutoka jikoni. Mimba yake ilipotimia, asubuhi moja akaona damu kwenye kanga, na uchungu haujaanza. Mumewe alikuwa bondeni kwenye mpunga. Aliogopa kufa, akaogopa na kusema, kwa vile nyumba ile haikuwa yake. Akasema hivyo hivyo.

"Mama, natoka damu."

Bi Nakijwa akaitazama ile kanga. Chumba alikuwa ameshakipaka udongo mpya, na mashoga zake walikuwa wameshaketi ukumbini wakisubiri. Kisha akatoka uani, akapaza sauti: "Mwiteni Mbonea. Mkamwana wangu hazalii hapa."

Mbonea akaja mbio, akapiga simu kituoni. Mvua ilikuwa imekata barabara, na gari la wagonjwa lingengoja chini, ng'ambo ya maporomoko ya udongo. Namweta hakuweza kutembea. Kijiji kizima kilikuwa na kitu kimoja tu cha kubebea mtu: jeneza, lile la miti la kupelekea maiti makaburini. Vijana wakarudi nyuma. Mtu hai hapandi jeneza; akipanda, kajiitia kifo. Namweta naye akageuza uso. "Afadhali nife hapa hapa chini."

Hapo Shekivuli, mtunza jeneza, akalitua uani, akajilaza chali, akakunja mikono kifuani. "Nibebeni," akasema. "Kama linaua, lianze na mimi niliyekula chumvi nyingi." Wakambeba, wakaizunguka nyumba. Akashuka, akajikung'uta. "Mmeona? Mti ni mti. Mlazeni mtoto wa watu."

Namweta akapanda. Vijana wakateremka wakipokezana mabega, Mbonea kando yake akimsemesha asisinzie. Kituoni wakampasua, wakamwongeza damu, wakamtoa mtoto wa kike mwenye sauti ya kuita watu shambani.

Siku ya kurudi, jeneza lililozoea kurudi tupu lilipanda mlima na watu wawili. Vigelegele vilianzia mtoni vikafika kileleni. Wazee walicheza, hata wale wenye magoti mabovu. Namweta alicheka na kulia kwa pamoja, furaha imemzidi.

Ikafika siku ya jina. Huko Kwembago, aliyemwokoa mtoto ndiye humpa jina, na tangu hapo huitwa mzazi wake wa pili. Mzazi huyo ni mmoja, hagawanywi.

"Jina ni langu," akasema Mbonea. "Nilimwagiwa maji nikarudi. Bila maneno yangu, damu ile mngeiita ya kawaida."

"Maneno ulikuwa nayo wewe, nyumba ilikuwa yangu," akajibu Bi Nakijwa. "Nani aliyemeza aibu mbele ya mashoga? Ningenyamaza mimi, leo tungekuwa matangani."

Shekivuli akakohoa. "Mmoja ana maneno, mwingine ana nyumba. Angeshuka kwa miguu ya nani? Mimi nililala wanapolala wafu ili yeye asiogope."

Wote wakamgeukia Namweta, akate shauri. Yeye ambaye tangu aolewe hakujua neno ila "abee" na "ndiyo, mama", akamweka mtoto begani.

"Na mimi je?" akauliza. "Niliyeitaja damu, ulimi unatetemeka. Ningeificha, nani kati yenu angekuwa na la kufanya?"

Wali umeshaepuliwa, na hakuna atakayeonja mpaka mtoto apate jina. Haya, ninyi mnaonisikiliza, msinitazame mimi. Je, kati ya hao wanne, nani alistahili?