Pale Tunapofumba Midomo

Mko?

Tuko!

Sikusikia. Mko?

Tuko!

Haya, kaeni hapo ukingoni, majembe yapumzike. Leo nina hasira na sitaificha. Nimesikia kwamba Eliamani, kiongozi wetu wa kwaya, anaupeleka wimbo wa ndiva, wimbo wa bwawa letu hili, kwenye mashindano. Pale katikati, pale tunapofumba midomo na kuguna tu, ameona pamekaa ovyo, akatunga maneno ya kupaziba. Maneno matamu, naambiwa, tena yana vina. Usiiname, Eliamani mjukuu wangu. Hukuambiwa, na leo utaambiwa.

Zamani, bwawa hili letu lilipokuwa jipya, maji yakishuka mferejini mpaka kwenye migomba kama yanavyoshuka sasa, wimbo wake haukuwa na pengo. Uliimbwa kwa lugha ya hapa tu, mwanzo mpaka mwisho. Wanawake walioolewa kutoka mbali walikuwa wengi, kwa sababu kijana hakuruhusiwa kuoa katika ukoo wake. Wote hao waliambiwa siku ile ile ya kwanza: lugha yako iache ng'ambo ya mfereji. Usiiimbe ukitwanga, usimbembeleze mtoto kwayo, usilie kwayo msibani. Hebu fikirini jambo hilo. Mtu amefiwa na mama yake mzazi, halafu anaambiwa alie kwa lugha ya mama mkwe!

Aliyeisimamia sheria hiyo ni Senkondo, mtunza ndiva. Yeye ndiye aliyezibua bwawa na kugawa maji, na alikuwa na utaratibu wake. Siku ya kusafisha, watu wakishatoa tope, aliwaita kwa majina, nyumba kwa nyumba, na kila aliyeitwa akajibu, "Niko!" Aliyeitika alihesabiwa kuwa mtu wa hapa, na nyumba yake ikapata maji kwa ajili yake. Asiyeitika hakuwepo, hata kama amesimama mbele ya Senkondo na tope mpaka magotini. Watoto wachanga waliitikiwa na mama zao mpaka wafike umri wa kusema. Na kizibo hakikuguswa mpaka majina yote yaitikiwe. Sheria hiyo aliitunga yeye mwenyewe, na kabla sijamaliza mtaona ilivyomgeukia.

Mwanawe wa kwanza alioa ng'ambo ya tambarare, akamleta binti anayeitwa Wakesho. Huko kwao Wakesho alikuwa mwimbaji. Hapa, kila akifungua kinywa watu walimcheka anavyotamka, na akiimba ya kwao alikaripiwa. Basi akanyamaza. Alipojifungua mtoto wa kike, Namkunda, alimbeba mgongoni shambani kutwa nzima na kumbembeleza kwa nyimbo za kwao bila maneno, midomo imefumbwa, sauti ikipitia puani. Kuguna hakukukatazwa. Senkondo alikuwa hajalifikiria hilo.

Namkunda akakua. Alitambaa, akatembea, akakimbiza kuku, lakini hakusema. Ukimwita alikugeukia na kuguna vizuri kabisa, sauti ikipanda na kushuka jinsi alivyoisikia mgongoni kwa mama yake. Majirani wakaanza maneno yao. Bubu huyo. Damu ya ng'ambo hiyo. Watu wana midomo, jamani! Na baba yake mtoto, mwanamume mzima, alikuwa akiyasikia na kutazama vidole vya miguu yake.

Ikafika siku ya kusafisha ndiva, mwaka wa jua kali, mahindi yameanza kujikunja majani. Senkondo akasimama juu ya kizibo na kuita. Alipofika nyumba ya mwanawe aliita, "Namkunda!" Mtoto akatoka nyuma ya kanga ya mama yake, akamtazama babu yake machoni, akaguna.

"Namkunda!" akarudia babu.

Mtoto akaguna tena, kwa nguvu zaidi, na akatabasamu.

"Huko si kuitika," Senkondo akasema. "Huyu hayupo. Nyumba inayofuata."

Mjukuu wake huyo! Damu yake, mtoto aliyekaa mapajani pake akila ndizi za kuchoma, leo anamwambia hayupo.

Mkamwana wa enzi zile hakumwinulia baba mkwe macho, sembuse sauti. Wakesho aliweka jembe chini, akapita katikati ya wanaume wote, akasimama mbele yake.

"Baba," alisema, na matamshi yake yalikuwa yale yale waliyoyacheka, "ulinifunga mdomo tangu siku niliyofika. Nimemlea mtoto huyu kwa mdomo uliofungwa. Leo unamuuliza maneno yapo wapi? Unayo wewe! Ulinipokonya pale mferejini. Nirudishie, nimpe mwanangu."

Senkondo alifanya walivyozoea kufanya watu wa aina yake wakiulizwa jambo wasilokuwa na jibu lake. Alijifanya hakusikia. Akaita jina linalofuata, la mwanamke aliyeolewa kutoka kusini. Yule mwanamke alikuwa pale pale, watu wote wanamwona. Hakuitika. Akaita la mwingine, aliyetoka pwani. Kimya. Kila aliyekuja kwa kuolewa aliufumba mdomo na kumtazama tu. Jua linapanda, mahindi yanazidi kujikunja, maji yamejaa nyuma ya kizibo, na kizibo hakiguswi mpaka majina yote yaitikiwe. Wanaume wakaanza kumnong'oneza, mzee, zibua tu. Angezibua vipi, mbele ya watu, sheria ya kwake mwenyewe?

Akageuka kutafuta wa kumwokoa. Ukingoni alikuwa amekaa mama yake, Nakiete, bibi kizee wa meno machache, aliyeolewa humu kabla hata ndiva haijachimbwa. Wengi walikuwa wamesahau kwamba naye alitoka mbali.

"Mama," Senkondo akasema, "itika wewe, wakufuate. Nakiete!"

Bibi akainuka kwa mkongojo wake. Badala ya kuitika, akaimba. Sauti ilikuwa nyembamba, na lugha ile hata mwanawe alikuwa hajawahi kuisikia kinywani mwake. Ulikuwa wimbo wa kubembeleza mtoto. Akaimba mstari mmoja, akaimba wa pili, kisha akakwama. Mdomo ukabaki wazi. Akarudia kutoka mwanzo, na pale pale akakwama.

Akamgeukia mwanawe. "Hapa mama alikuwa anasemaje?" akamuuliza. "Senkondo, mwanangu, hapa mama yangu alikuwa anasemaje?"

Angejua wapi? Hakuwahi kuimbiwa. Hata sheria hiyo ya kufumba watu midomo hakuianzisha yeye, aliikuta tu, akaipenda kwa kuwa haikumuuma. Na mwenye wimbo alikuwa mbele yake, ameshika mkongojo, hana pa kwenda kuuliza, kwa sababu wote waliojua walishakufa.

Ndipo Namkunda alipoguna. Aliidaka ile sauti pale ilipokatikia, midomo imefumbwa, akaiendeleza. Bibi akamsikiliza, akafumba midomo, akaguna naye. Wakesho akaingia, na wa kusini, na wa pwani, mpaka ukingo mzima ukawa unavuma. Senkondo alisimama juu ya kizibo chake, machozi yanamtoka. Hakuomba radhi, wazee wa namna ile hawakuwa na neno hilo. Lakini aliita tena, "Namkunda!" na mtoto alipoguna, alisema kwa sauti watu wote wasikie, "Yuko." Kisha akainama akazibua.

Na tangu siku hiyo, wimbo wa ndiva huanzishwa na mwanamke aliyeolewa kutoka mbali, kwa lugha ya kwao, nasi wengine tunaitika hata tusipoelewa neno. Tukifika katikati tunafumba midomo, kwa sababu maneno ya pale Nakiete hakuyapata tena mpaka tunamzika. Pale pana mwenyewe, Eliamani. Vina vyako vipeleke kwingine.

Haya, inukeni, tope halitajitoa lenyewe. Wewe bibi harusi, uliyeletwa mwezi jana kutoka huko ziwani, mbona umejificha nyuma? Njoo hapa mbele. Tuimbie ya kwenu.